Masanduku ya Jua ya Fundi Shomari

Nyinyi vijana mnaofunga sola siku hizi mnaanzia kwenye umeme: taa, televisheni, simu. Sisi tulianzia kwenye maji ya kuogea. Nalisema mapema ili msifike katikati ya maneno yangu mkaanza kuuliza waya ulipita wapi. Hakukuwa na waya. Kulikuwa na bati, bomba, kioo, sufi, na jua ambalo Mwenyezi Mungu ametupa Bagamoyo bila choyo. Na nyundo, tena nyundo nyingi, mpaka majirani wakawa wanasali kwa kupaza sauti.

Mimi sikuwa fundi bati. Kwetu tulikuwa washona magodoro. Mama yangu, Mungu amrehemu, alikuwa akinunua sufi kutoka mashambani, tunaichambua mbegu, tunaipiga kwa fimbo mpaka inafumuka kama povu, kisha tunaijaza kwenye kitambaa na kushona vifundo kwa sindano ndefu kama mkono. Kazi hiyo ilitulisha vizuri mpaka yalipoingia magodoro ya sponji. Hapo watu wakaanza kutupita barazani wakiangalia upande wa pili, kama vile tumewakosea.

Ng'ambo ya barabara ilikuwepo karakana ya Fundi Shomari. Alitengeneza ndoo, koroboi, makopo ya kuchotea maji na masanduku ya wasafiri. Mtu mfupi, mpole, kidole gumba kimekatika ncha kwa mkasi wa bati. Mpwa wake, Idrisa, alisoma ufundi Dar es Salaam, na aliporudi alirudi na jambo moja kichwani. Alitaka kutengeneza sanduku la kupasha maji kwa jua. Bati jeusi ndani, bomba limelehemiwa juu yake likizunguka, kioo juu ili joto lisitoke, na chini yake kitu cha kuzuia joto lisikimbilie kwenye paa. Hicho kitu cha chini ndicho kilichomleta kwetu.

Alikuja barazani kununua sufi. Akasimama akimwangalia mama anavyoshona.

"Shikamoo mama."

"Marahaba baba. Unaoa, unataka godoro?"

"Hapana mama, nataka kuuliza. Mtu akilala juu ya godoro miaka kumi, kwa nini sufi yote haiendi miguuni?"

Mama akamwonyesha vifundo. Akamweleza kwamba kila kifundo kinashika sufi yake, isiende kwa jirani. Idrisa akafurahi kama mtu aliyeokota kitu. Kumbe sanduku lao la kwanza walilijaza maranda ya mbao, na kwa kuwa sanduku la jua hulazwa kwa mwinamo, maranda yote yalikuwa yameteremka yakarundikana upande wa chini. Akasema, "Basi nipe mtu mmoja aje anishonee sanduku."

"Sanduku halilaliwi," mama akasema.

"Hili litalaliwa na joto, mama."

Mama akacheka, na mama yangu akicheka umeshapata. Masharti yake yalikuwa mawili: mlango wa karakana uwe wazi muda wote, na adhuhuri nirudi nyumbani kula. Ndivyo nilivyoingia kwenye kazi ya sola, nikiwa na sindano mkononi na kanga ya pili kichwani.

Sasa niwaambie la kwanza tulilojifunza, maana naona mpaka leo kuna mafundi wanalisahau. Maji ya moto hupanda. Hayashuki kwa kuombwa. Pipa la kuwekea maji lazima likae juu ya sanduku, ili maji yakipata joto yapande yenyewe kwenye pipa, na ya baridi yashuke kuchukua nafasi yake, yazunguke hivyo bila pampu wala injini. Idrisa alilijua hilo vizuri. Lakini tulipojaribu uani kwa Fundi Shomari tuliona jukwaa la kubebea pipa ni kazi kubwa, mbao hatuna, tukasema tuliweke pipa chini tu kwa siku ya kwanza tuone. Tukaona. Bomba la juu lilikuwa linachoma, ukiligusa unaruka, na pipa lilikuwa baridi kama limetoka kisimani. Fundi Shomari alikaa na mkono mmoja kwenye bomba na mwingine kwenye pipa, akasema taratibu, "Hawa hawazungumzi." Kesho yake akavunja kitanda chake mwenyewe, tukapata mbao za jukwaa. Mkewe alikwenda kwao wiki nzima.

Jioni ya siku tulipopandisha pipa, tulioga uani kwa zamu, kila mtu na kopo lake nyuma ya makuti, wanawake kwanza. Maji yalikuwa ya moto kweli. Mimi nilikoga mpaka wakagonga.

Mteja wetu wa kwanza alikuwa Bwana Hemedi, mwenye nyumba ya wageni. Hapa ndipo yalipotokea mambo ya paka, ambayo wazee wa Bagamoyo wakiniona mpaka leo wananiuliza.

Miaka ile ya sabini vitu viliadimika. Leo sabuni hakuna, kesho misumari hakuna. Tulipofika kwenye sanduku la Bwana Hemedi, rangi nyeusi ilikuwa haipatikani dukani hata kwa kuomba. Bati lisipokuwa jeusi halinywi jua. Tukakwangua masizi ya koroboi, tuliyokuwa nayo ya kutosha, lakini masizi peke yake hayashiki. Fundi Shomari akakumbuka sifa, yale mafuta ya maini ya papa ambayo watu wa vyombo hupaka mbao zisioze. Tukachanganya. Ilitoka rangi nyeusi, nzito, inang'aa, imeshika bati kama ngozi. Tukapeana mikono.

Tukalifunga sanduku kwenye paa la Bwana Hemedi, na maji yakawa ya moto siku hiyo hiyo. Yeye mwenyewe alitumwagia sifa, hizo nyingine za mdomo. Lakini jua lilipoendelea kupika yale mafuta ya papa, harufu ikaanza kutoka. Siku ya pili alikuja paka mmoja. Siku ya tatu walikuwa wamejaa juu ya paa, wa huku na wa mtaa wa pili, wamejilaza kwenye kioo chenye joto, pua zimebanwa kwenye maungio ya mbao, wakigombana na kuimba. Wageni hawakulala.

Bwana Hemedi alikuja karakana amevaa kanzu na koti, kama anakwenda kwa kadhi.

"Fundi Shomari," akasema, "niliagiza maji ya moto. Mmeniletea paka."

"Maji si ya moto, Bwana Hemedi?"

"Ya moto. Lakini mgeni wangu wa Tanga anauliza kwa nini anaogea kwenye soko la samaki."

Tukalishusha. Mji mzima ulijua kabla hatujafika barabarani nalo. Wakatuita Karakana ya Paka. Watoto wakipita mlangoni wanalia nyau. Mimi nilikuwa nacheka, lakini Fundi Shomari hakucheka. Ndugu zake aliorithi nao nyumba ile yenye karakana walikuja wakakaa kikao, wakamwambia ameacha kazi ya ndoo inayojulikana akashika mambo ya hewani. Baada ya kikao akatuita mimi na Idrisa.

"Nimeomba kazi moja tu zaidi," akasema. "Ikishindikana, narudi kwenye ndoo. Idrisa atatafuta ajira Dar es Salaam, na wewe Mwanahamisi utarudi kwa mama yako."

Kwa mama kulikuwa na kitambaa kilichokunjwa na sindano zinazoota kutu. Nilimjibu ndiyo, lakini nilirudi nyumbani nikiwa sina hamu ya kula.

Hiyo kazi moja, hamtaamini, ililetwa na wale paka. Siku moja lori la mananasi kutoka Kiwangwa lilisimama mlangoni, akateremka mwanamke mrefu, mweusi tititi, amevaa gauni la kazi. Alikuwa Nesi Agnes, mtu wa bara aliyepangiwa zahanati ya Kiwangwa. Akatusalimu, akakaa juu ya ndoo iliyopinduliwa.

"Nimesikia habari za paka," akasema.

Fundi Shomari akainamisha kichwa. "Umekuja kucheka na wewe, mwanangu?"

"Nilicheka sana. Halafu nikajiuliza, huyo paka baada ya kuona hakuna samaki, kwa nini haondoki? Nikaambiwa joto. Hilo joto ndilo nililolifuata."

Akatueleza. Kwenye zahanati yake, mama akija kujifungua, ndugu zake walitakiwa waje na mzigo wa kuni, za kuchemshia maji. Wakati wa masika kuni zinakuwa mbichi, moshi unajaa chumbani, mama analia kwa uchungu, nesi analia kwa moshi. Na wengine wakikosa kuni walikuwa hawaji kabisa, wanabaki nyumbani. Kijiji kimekubali kuchanga. Anataka sanduku la jua, na pipa, na bomba lifike barazani.

"Lakini lisinuke papa," akasema.

Rangi tuliipata kwa kubembeleza. Kioo ndicho kilichokuwa taabu. Nilitumwa Dar es Salaam nikachukue vioo vikubwa viwili kwa mwenye duka mmoja aliyekuwa anavunja kabati zake. Barabara ya Dar na Bagamoyo wakati huo ilikuwa inakutikisa mpaka unasahau ulichokula. Nikashona mfuko wa sufi kama godoro jembamba, nikakilaza kioo katikati ya mikunjo, nikakifunga kwa kamba, na hicho cha pili vilevile. Utingo akaona magodoro mawili na msichana aliyejipamba, akaamua mimi ni bibi harusi. Alisimamisha basi kila kituo awaombe watu wanipishe nikae vizuri. Wanawake waliokuwa ndani wakaanza kuimba. Ningewaambia ni vioo, wangeyarusha magodoro juu ya paa, kwa hiyo nilikaa nikatazama chini kama mwali, na vioo vikafika vizima. Mama alisikia habari za harusi yangu kabla sijafika nyumbani.

Kiwangwa tulikwenda na lori lile lile la mananasi, mimi na Fundi Shomari na Idrisa. Tukafunga sanduku kwenye paa la zahanati, limeinama kidogo kuelekea kaskazini, pipa juu ya jukwaa la miti imara. Pipa lenyewe nilikuwa nimelivisha. Nililishonea koti la sufi lenye vifundo, juu yake turubai lililopakwa lami ili mvua isiingie. Watu wa kijiji walilitazama wakasema tumemvalisha mgonjwa.

Mtazamaji mkubwa alikuwa Bi Mwamvua, mkunga wa jadi, Mkwere, mwanamke mzee aliyewapokea nusu ya watu waliokuwa wamesimama pale. Nesi Agnes alimheshimu, walifanya kazi pamoja. Bi Mwamvua aliuliza swali moja tu. "Na jua lisipotoka?"

Idrisa akamweleza habari za koti la pipa. Bi Mwamvua akamsikiliza mpaka mwisho, kisha akasema, "Sawa baba. Lakini na jua lisipotoka?"

Siku ile jua lilitoka vizuri, lakini maji hayakuzunguka. Tukagusa: bomba moto, pipa baridi, ugomvi ule ule wa uani kwa Fundi Shomari, na safari hii pipa lilikuwa juu. Tulihangaika mpaka adhuhuri ikapita. Mwisho Fundi Shomari akalala chini kwenye majani, akaliangalia bomba kwa jicho moja kutoka chini mpaka juu, akaona nundu ndogo pale tulipolipitisha juu ya boriti. Hewa ilikwama hapo, ikaziba njia. Tukalifungua, tukalinyoosha, maji yakakohoa mara mbili tatu yakaanza kwenda. Kwa hiyo wanangu, mnaofunga ya maji mpaka leo: bomba lipande moja kwa moja. Msiliache na nundu hata ndogo, na kabla hamjaulaumu mtambo, laleni chini mlitazame.

Jua likawa limebaki la alasiri tu. Tulipofunga kazi, pipa lilikuwa limepata joto, si sana. Na kesho yake wazee wa kijiji na mabwana wa wilaya walikuwa wanakuja kuangalia.

Kulikucha kuna wingu limeshuka mpaka kwenye miembe, na manyunyu. Idrisa alipanda kwenye paa akafuta kioo kwa shati lake, kama vile wingu lilikuwa kwenye kioo. Na katika hali hiyo akaja mtu na baiskeli, mkewe amekaa nyuma amejishika kiuno. Uchungu umeshapamba moto. Hawakuja na kuni. Nesi Agnes alikuwa amekwisha kutangaza kijiji kizima kwamba kuanzia sasa kuni hazihitajiki.

Nilimwangalia Fundi Shomari. Alikuwa amekaa kwenye msingi wa zahanati, anazungusha kofia yake mikononi.

"Nikakusanye kuni?" nikamwuliza.

"Zimelowa," akasema. "Kusanya hivyo hivyo."

Nikaenda. Nilikuwa nimeinama kichakani na kuni chache zinazotiririka maji pale niliposikia mtoto analia. Nikarudi mbio. Bi Mwamvua alikuwa ametoka barazani na beseni, anakwenda kwenye bomba. Sote tulisimama, yule baba wa baiskeli naye akasimama. Bi Mwamvua akafungua. Akaweka kiwiko chake chini ya maji.

"Baridi," akasema.

Idrisa akakaa chini kwenye matope. Fundi Shomari akafumba macho. Na mimi, ambaye sikujua hata herufi moja ya mambo ya joto, nikasema, "Yaache yatoke, Bi Mwamvua, hayo ni yaliyolala kwenye bomba." Sikuwa najua, nilitamani tu iwe hivyo. Yule mkunga akaacha kiwiko pale pale, maji yakamwagika, na uso wake ukaanza kubadilika kidogo kidogo. Akamwaga beseni, akakinga upya.

"Haya ya mtoto," akasema. "Ya vuguvugu hasa. Ya mama nitataka ya moto zaidi, nipe hizo kuni zako."

Tukacheka, Nesi Agnes naye akacheka kule chumbani, yule baba akacheka bila kujua tunachokicheka. Kuni zangu zilitoa moshi kama kawaida yake, kwa sufuria moja tu. Joto la alasiri moja lilikuwa limelala ndani ya sufi mpaka siku ya pili, chini ya wingu. Fundi Shomari alikwenda nyuma ya zahanati akasali rakaa mbili za shukurani kwenye majani yaliyolowa. Mabwana wa wilaya walifika mtoto amekwisha ogeshwa, amelala. Wakaonyeshwa bomba, wakanawa mikono, wakasema vizuri sana.

Baada ya hapo kazi ilikuja kwa miguu yake. Nyumba ya wageni ya Lugoba ilitaka, bweni la shule lilitaka, wafanyakazi wa mashamba Makurunge walituma mtu. Bwana Hemedi alirudi, safari hii bila koti, akauliza kama tunaweza kumpa lingine lisilo na papa. Ndugu zake Fundi Shomari walikaa kikao kingine, na sasa walitaka na wao wawe mafundi. Karakana ikawa ndogo. Tukaandikisha ushirika, tukakodi ghala la zamani lililokuwa la mbata, na kwa mwaka mzima kila sanduku lililotoka pale lilinukia nazi, harufu ambayo paka hawana shida nayo.

Tulijigawa: walehemu upande wa dirishani, maseremala mlangoni, na upande wa nyuma washonaji, wanawake watupu, waliokuwa wakishona magodoro na wengine mikeka. Mama yangu tulimfanya mkaguzi. Alikuwa anapita na fimbo yake ya kupigia sufi, anapiga kila sanduku mgongoni, akisikia sauti isiyompendeza anasema "Fungua". Hakuna aliyebishana naye, hata Idrisa, ambaye wakati huo alikuwa mkwe wake. Ndiyo, aliyeuliza sufi inakwenda wapi alinioa mimi. Magodoro ya harusi nilishona mwenyewe, na utingo wa basi la Dar es Salaam alialikwa.

Fundi Shomari hakupenda kuitwa mwenyekiti. Aliendelea kulehemu. Alikuwa akiwafundisha wageni wa kazi kwa njia moja: anawapa sanduku lililokamilika, anawaambia walibomoe, waone kila kitu kimekaa wapi na kwa nini, halafu walirudishe. Asiyeweza kulirudisha anakaa naye siku ya pili, bila kugombezwa. Mimi naona njia hiyo bado haijapitwa. Mtoto wa kazi ukimpa kitabu tu atakijua kitabu.

Siku nitakayoikumbuka mpaka naingia kaburini ni ile tuliyopeleka mzigo mkubwa wa kwanza, wa hospitali moja ya huko juu. Lori zima limejaa masanduku yetu, yamefungwa kwa magodoro membamba kati ya moja na jingine, mimi na Fundi Shomari mbele na dereva. Dereva alipitia Kiwangwa kushusha barua za watu. Tukapita kando ya zahanati. Asubuhi, jua limechanua, kinamama wamekaa barazani wamenyoosha miguu, beseni zimepangwa kwenye mstari chini ya bomba. Bi Mwamvua ameketi kwenye kigoda chake, ana mtoto mchanga juu ya miguu, anamwogesha. Mtoto analia kwa nguvu zake zote.

Fundi Shomari akamgusa dereva begani.

"Zima injini kidogo, baba."

Dereva akazima. Bi Mwamvua akachota kwa kiganja, akamwagia mtoto mgongoni, taratibu. Maji yakateremka. Na yule mtoto akanyamaza.